Kisanduku kimoja cha jedwali la mafuta hakifanyi kazi peke yake

Wengi wanaoanza kurekebisha injini kwa programu huamini kwamba sensa ya oksijeni ikionyesha mafuta ni kidogo, dawa ni kwenda kwenye jedwali la mafuta (namba zinazoiambia kompyuta ya injini imwage mafuta kiasi gani kwa kila kasi na mgandamizo wa hewa inayoingia), kutafuta kisanduku kilicho karibu na hali hiyo na kuongeza namba yake. Sivyo. Injini haisimami kwenye kisanduku. Muda mwingi iko katikati ya visanduku vinne, na kompyuta yake hukokotoa thamani kutoka vyote vinne kwa kadiri ya ukaribu.

Chukua mizunguko 2,750 kwa dakika na mgandamizo wa hewa inayoingia wa kilopaskali 55, huku jedwali likiwa na safu za mizunguko 2,500 na 3,000, na mistari ya kilopaskali 50 na 60. Visanduku vyote vinne vina namba 60. Ukipandisha kimoja hadi 72, kompyuta itasoma 63 tu. Fundi huona mabadiliko ni madogo, anaongeza tena, na hapo anajenga kilima: injini ikipita juu ya kisanduku chenyewe inamwagiwa mafuta kupita kiasi. Kwenye mchoro wa pande tatu kilima hicho huonekana waziwazi, na naomba sana uuangalie kabla ya kupakia chochote.

Gawanya marekebisho kwa vyote vinne, kisha lainisha visanduku jirani ili namba zisiruke ghafla. Tumia vipimo vilivyochukuliwa injini ikiwa kwenye mwendo usiobadilika, maana moshi huchelewa kufika kwenye sensa. Na kama jedwali zima linataka kuongezwa kwa asilimia ileile, usiliguse. Kagua kwanza presha ya mafuta na kiwango cha injekta (kifaa kinachopuliza mafuta) ulichoingiza kwenye programu.