Je, wajua kwa nini kitanda kinaendelea kucheza wakati tetemeko limekwisha?

Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka usiku wa tarehe 22 Mei 2021, mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, uliendelea kutetemeka siku baada ya siku. Wengi wakapatwa na jambo lile lile: umelala, unaapa kitanda kinacheza, kumbe mwenzako aliye kando hajasikia kitu. Si uchawi wala si wazimu. Wajapani wanaliita jishin-yoi, ulevi wa tetemeko.

Ndani kabisa ya sikio mna vifereji vya majimaji vinavyouambia ubongo kama umeinama au umesogea. Ardhi ikitikisika mara nyingi, ubongo unaanza kulinda zamu na kushtukia kila kitu. Huenda kinachoushtua ni moyo wako mwenyewe. Kila pigo linausogeza mwili mzima kidogo sana, na ukilala kimya unaweza kulisikia kwenye godoro. Siku za kawaida ubongo unalipuuza. Ukiogopa, moyo unapiga kwa nguvu zaidi, kitanda "kinacheza" zaidi, na hofu inazidi.

Kwa nini Goma ilichosha watu hivyo? Tetemeko kama lile la Bukavu la tarehe 3 Februari 2008, la ukubwa wa 5.9, kwa kawaida huanza na pigo kubwa, kisha madogo yanayozidi kupungua. Mwaka 2021 magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ilikuwa inajipenyeza kwenye ufa chini ya mji kuelekea Ziwa Kivu, ikipasua miamba njiani. Matetemeko yalitoka karibu na uso wa ardhi, kwa hiyo hata madogo yalisikika, tena bila mpangilio. Mtu hakuweza kusema: kubwa limeshapita.

Ili kujua kama ni nyumba au ni mwili, tia maji nusu ya glasi angavu, uiweke sakafuni pembeni. Usiiweke mezani, meza hutikiswa hata na hatua zako. Mulika tochi kwa ubavu, utazame uso wa maji kwa sekunde kumi bila kutembea. Maji yametulia? Ni mwili. Yakicheza, tazama taa inayoning'inia na usikilize barabara: Fuso iliyobeba mizigo nayo inatikisa glasi, lakini utaisikia ikija na ikienda. Jenereta ya jirani ikinguruma, kipimo hicho hakifai. Angalia mara moja tu, basi. Anayeamka kila dakika tano kukagua glasi anaufundisha ubongo kuendelea na zamu. Wala glasi haitabiri kitu. Hata ujumbe wa simu unaotaja saa ya tetemeko lijalo ni uongo, maana hakuna anayeweza kuijua.

Ikiwa ni mwili, kaa kitako, nyayo zikanyage sakafu, kodolea macho kitu kisichosogea. Vuta pumzi ukihesabu hadi nne, itoe hadi sita, kwa dakika chache. Pombe inaharibu mambo: inavuruga vifereji vile vile vya sikio.

Ikiwa ni tetemeko la kweli, baki kitandani, ukinge kichwa na shingo kwa mto. Ndiyo maana kioo na masanduku mazito hayafai kukaa juu ya kichwa cha kitanda. Viatu na tochi vitie kwenye mfuko uliofungwa mguuni pa kitanda, kwani vikiachwa wazi vitateleza, nawe utakanyaga vigae vya kioo gizani.

Chumba kikizunguka kabisa, masikio yakilia, au usingizi ukikataa zaidi ya mwezi, nenda kituo cha afya.