Hasira haiishi kwenye gunia

Mwezi wa tisa shule zikifunguliwa, kituoni kwetu hapa Bukavu huanza msimu wa swali moja. Safari hii alilileta mama anayeuza sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu, katika soko la Kadutu. Mwanawe wa miaka 13 alikaa pembeni akichokonoa plastiki ya kiti.

"Dokta, huyu mtoto ana kasirani. Prefe, mkuu wa shule, ameshaniita mara tatu. Wajomba zake wanasema tumpeleke judo, apigepige huko mpaka hasira zimtoke. Wewe unaonaje?"

Nilimwambia judo sawa, ila sababu ndiyo iliyokosewa. Kwanza, katika judo hakuna kupiga. Hakuna ngumi wala teke. Kuna kushika, kuangusha na kubana. Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni lile wazo kwamba hasira ni kama maji ndani ya bidoni, kwamba ukiyamwaga kwenye gunia la mazoezi, au kwenye mgongo wa mwenzako, bidoni linabaki tupu. Wazazi wengi wanaliamini, waalimu wa michezo pia, na hata baadhi yetu wenye vyeti ukutani.

Wazo hilo limeshapimwa. Mwaka 2002 mwanasaikolojia wa Marekani, Brad Bushman, aliwakasirisha wanafunzi 600 wa chuo kikuu kwa kuwarudishia insha zao zikiwa na maoni ya kudharau. Baadhi wakapewa gunia walipige huku wakimfikiria aliyewadharau, wengine walipige wakifikiria afya ya mwili tu, na wengine wakaachwa wakae bila kazi. Waliopiga huku wakimfikiria mbaya wao ndio waliotoka na hasira kubwa zaidi. Waliokaa tu wakawa watulivu kuliko wote. Mwaka 2024 Bushman na mwenzake Sophie Kjærvik walizikusanya tafiti 154 kuhusu jambo hilihili. Yanayotuliza mwili, kama kupumua taratibu, kulegeza misuli na kutafakari, yalipunguza hasira. Yanayouchemsha mwili, kwa jumla, hayakuipunguza.

Ukijua hasira inavyofanya kazi mwilini, hushangai. Mtoto akitukanwa, sehemu ndogo ya ubongo iitwayo amigdala inapiga kengele kabla hajapima maana ya tusi. Adrenalini inamwagika, moyo unakimbia, masikio yanapata joto, ngumi inajikunja yenyewe. Sehemu ya kupima na kuzuia iko mbele, nyuma ya paji la uso, nayo haikomai sawasawa hadi karibu na miaka 25. Kwa hiyo kijana wa miaka 14 anashuka mlima kwa pikipiki yenye injini mpya na breki ambazo fundi bado hajazifunga. Kumwambia "hasira hasara" hakusaidii kitu dakika ile. Methali anaijua tangu shule ya msingi. Anaikumbuka vizuri sana akiwa ameshapasua mdomo wa mwenzake.

Sasa, kama kupiga hakuondoi hasira, mbona kuna vijana wanaotulia kweli baada ya mwaka mmoja kwenye tatami, ile mikeka ya judo? Jibu ninaloliamini linatokana na jaribio dogo la Michael Trulson, lililotolewa mwaka 1986. Aliwachukua wavulana 34 wa miaka 13 hadi 17 waliokwisha kuonyesha dalili za uhalifu, akawagawa mafungu matatu kwa miezi sita. Fungu la kwanza lilifundishwa taekwondo ya jadi pamoja na heshima, utulivu na mafunzo ya tabia. La pili lilifundishwa mbinu za kupigana tu. La tatu likawa linakimbia na kucheza mpira wa kikapu. Ukali wa fungu la kwanza ulishuka. La pili likatoka na ukali zaidi ya liliokuja nao. Vijana 34 ni wachache, nakubali, lakini Norwe nako mwaka 2005 watafiti Endresen na Olweus waliona kwamba wavulana waliokuwa katika michezo ya nguvu kama ndondi, mieleka, kunyanyua vyuma na michezo ya kupigana ya Asia walizidi kuwa wakorofi hata nje ya ukumbi. Kimono, yaani vazi la mazoezi, peke yake haimtengenezi mtu.

Waanzilishi wenyewe walilijua hilo. Jigoro Kano, mwanzilishi wa judo, aliyefungua shule yake ya Kodokan mjini Tokyo mwaka 1882, alikuwa kijana mwembamba aliyeonewa shuleni. Angeweza kuanzisha mchezo wa kulipiza kisasi. Badala yake aliweka kanuni mbili: kutumia nguvu kwa namna iliyo bora kabisa, na kunufaishana, yaani mwenzangu akue nami nikue. Gichin Funakoshi naye, aliyeipeleka karate kutoka Okinawa hadi Tokyo, alisisitiza kwamba katika karate hakuna shambulio la kwanza.

Nisiongee ya Japani tu. Jumamosi moja nilikaa kwenye benchi la ukumbi mmoja wa Kadutu. Tatami yao ni magodoro yaliyofunikwa shitingi na kubanwa kwa mbao pembeni. Mvulana wa miaka kama 15, mwenye mkanda wa njano, aliangushwa na msichana mdogo wake kwa miaka miwili. Ukumbi ukacheka. Akainuka haraka mno, akamkamata msichana kola kwa mikono miwili, na hata mwalimu alipoita "Mate!", neno la kusimamisha pambano, hakuachia. Sekunde mbili, tatu. Niliona vidole vyake vimekuwa vyeupe kwenye kitambaa.

Mwalimu hakupiga kelele. Alikwenda akasimama karibu nao, akairudia "mate" kwa sauti ya chini kuliko ya kwanza, akangoja. Vidole vikafunguka. Kijana akapelekwa ukingoni mwa tatami, akapiga magoti, akaambiwa avute hewa kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya nane, mara kumi. Hesabu hiyo si uganga: hewa ikitoka taratibu, neva iitwayo vagasi inaupunguza mwendo wa moyo, na sehemu ile ya mbele ya ubongo inapata nafasi ya kusema lake. Kisha akarudishwa kwa msichana yuleyule. Wakainamiana, na akaangushwa tena, safari hii kwa kukubali, mara tano, ili msichana arekebishe mguu wake. Waliocheka walipewa kazi ya kufagia.

Hapo ndipo lilipo somo, na kwa maoni yangu linapita mbinu zote za kuangusha. "Mate" ni breki inayofanyiwa mazoezi mara ishirini kwa jioni moja, damu ikiwa imechemka. Huwezi kuifundisha breki gari likiwa limeegeshwa. Darasani ninaweza kuongea juu ya kujizuia hadi jua lizame nyuma ya Kadutu, nisifikie nusu ya hayo.

Basi mzazi, kabla hujalipa chochote, nenda ukae kwenye benchi. Usiangalie vikombe kwenye kabati. Ngoja mtoto mmoja akasirike, nawe umtazame mwalimu. Akicheka naye, akimchapa, au akimwambia "mwonyeshe kazi", chukua mkono wa mwanao mrudi nyumbani. Mwanajudo Popole Misenga, mzaliwa wa mji wetu huu, amesimulia jinsi makocha wake wa zamani walivyokuwa wakimfungia na kumpunja chakula akishindwa. Alikwenda Rio mwaka 2013 kwa mashindano ya dunia, akabaki Brazil kama mkimbizi. Kocha wake wa huko, Geraldo Bernardes, ilibidi kwanza amfundishe kwamba mwenzake wa mazoezi si adui. Mwaka 2016, katika timu ya wakimbizi ya Olimpiki, Popole alimshinda Avtar Singh wa India katika pambano lake la kwanza. Yolande Mabika, naye wa hapahapa Bukavu, alikuwa katika timu hiyohiyo.

Kuna jambo moja judo haiwezi, na sharti niliseme. Baadhi ya watoto tunaowaita wakali ni waoga. Tangu milio ya risasi ya Februari 2025, vita vilipoufikia mji wetu, tunawapokea wanaoruka mlango ukibamizwa, wanaoamka usiku wakipiga mateke, wanaompiga mwenzao kwa sababu aliwagusa kwa nyuma. Mtoto wa namna hiyo ukimtia kwenye ukumbi wa kushikwa shingo, unaweza kumwongezea. Kama mwanao analala vibaya, anakojoa kitandani ilhali alishaacha, au anakimbia sehemu fulani bila kueleza, mlete kwanza tuzungumze naye, hata mwezi mmoja, ndipo kimono ije. Na mwambie mwalimu wa ukumbi. Hana njia ya kukisia.

Mwana wa yule mama tulimpima, tukaona anaweza. Akaanza. Wiki iliyopita mama yake alinikuta njiani Nyawera, beseni kichwani, amenuna.

"Dokta, wiki ya tatu sasa. Wanamfundisha kuanguka tu! Anaanguka mbele, anaanguka nyuma, anaanguka ubavu, anarudi nyumbani ananiangukia kwenye mkeka. Watamfundisha kuangusha lini?"

Nikamuuliza kama prefe amemwita tena. Akafikiri kidogo, akashusha beseni.

"Mara moja tu," akasema. "Lakini safari hii mtoto alikuwa ndiye aliyepigwa."

Nikamwambia wamwache aanguke wiki nyingine tatu.