Je, wajua kwa nini watafiti wa biashara husoma manung'uniko ya wafanyakazi mtandaoni?

Kampuni yenye hisa sokoni nchini Marekani hutangaza hesabu zake kila baada ya miezi mitatu. Mtu wa ghala hangoji tarehe hiyo. Anaona oda zikipungua, malipo ya ovataimu yakifutwa, na wenzake hodari wakiacha kazi mmoja mmoja. Zamani hayo yaliishia nyumbani au kijiweni. Tangu 2008, tovuti ya Glassdoor ya California ilipofunguliwa, anaweza kuyaandika bila kutaja jina: nyota moja hadi tano, mazuri ya kazi, mabaya yake, na ushauri kwa wakubwa.

Je, maneno hayo yana uzito? Mwaka 2019 T. Clifton Green na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha nyota hizo na bei za hisa. Kampuni ambazo nyota zake zilipanda kutoka robo mwaka moja hadi nyingine, hisa zake zilifanya vizuri baadaye kuliko za kampuni ambazo nyota zilishuka. Dalili hiyo ilitoka hasa kwa waliokuwa bado kazini, na ilikuwa na nguvu zaidi kwa wanaofanya kazi katika jimbo lenye makao makuu.

Siri iko kwenye kupima mabadiliko. Ukilinganisha hoteli na benki kwa nyota peke yake utapotoka, maana zamu za hotelini huchosha hata bosi akiwa mwema. Ukiilinganisha hoteli na hali yake ya miezi mitatu iliyopita, uchovu huo upo pande zote mbili, na tofauti unayoiona huenda imeletwa na jambo jipya.

Tatizo kubwa ni nani anayeandika. Mara nyingi ni aliyekasirika mno au aliyefurahi mno. Glassdoor huwataka wanaotaka kusoma zaidi watoe kwanza maoni yao, na Ioana Marinescu na wenzake waligundua kwamba maoni ya namna hiyo hupungua ukali, hayaelemei sana hasira wala furaha. Wapo pia waajiri wanaowahimiza watu wao kumwaga nyota tano kwa mkupuo, kwa hiyo mtafiti makini hukagua wiki zenye ongezeko la ghafla. Na kampuni yenye maoni matatu haifai kabisa: mtu mmoja mwenye hasira anapindua hesabu yote.

Mimi naona utajiri hasa uko kwenye maandishi. Dennis Campbell na Ruidi Shang walichambua maneno yenyewe kwa kompyuta, wakaona yanasaidia kutabiri ni kampuni zipi zitakutwa zimevunja sheria.