Maana ya kupima paa bapa katika handaki la upepo

Mvua ikikaribia Goma, upepo hutangulia. Ndiyo sababu ukipita Majengo au Ndosho utaona mawe meusi ya volkano yamepangwa juu ya manjanja. Mwenye nyumba hakusomea fizikia ya hewa, ila anajua kwamba bati likiondoka huondoka kwa kwenda juu. Jiwe amelipandisha kulikalia.

Hangari kubwa au hoteli yenye paa bapa haikaliwi na mawe kirahisi. Paa lake hufunikwa kwa utando wa kuzuia maji, yaani shuka pana za PVC, za mpira au za lami iliyoboreshwa, zinazokuja zimeviringwa kama jamvi. Njia mojawapo ya kuushika utando huo ni skrubu. Ukingo wa shuka moja hufungwa chini kwa skrubu zenye visahani vya chuma au plastiki, shuka ya pili hulazwa juu ya mstari huo, kisha zile mbili huunganishwa kwa hewa ya moto. Skrubu hazionekani tena na maji hayazifikii. Lakini kati ya mstari mmoja wa skrubu na mwingine, labda mita moja, labda mbili, utando umelala tu. Hakuna kinachoushika.

Fundi mmoja mzee aliwahi kuniuliza swali hili huko Himbi, tukiwa tumesimama chini ya paa lililochanika: "Mwanangu, upepo uliingia wapi chini ya hii shuka, na kingo zote nilizifunga?" Nikamjibu: "Papa, haukuhitaji kuingia." Hakuridhika, na hakukosea kutoridhika, maana jibu hilo peke yake halieleweki.

Upepo ukigonga ukuta hauna pa kupita ila kupanda na kuzunguka. Unapofika kwenye kona kali ya juu ya ukuta hauwezi kukunja ghafla ulale juu ya paa, kwa hiyo unaruka na kuliachia paa. Katika ile nafasi iliyoachwa kati ya mkondo na paa, kanieneo ya hewa, yaani nguvu inayosukuma nayo kila kilicho kando yake, hushuka. Hewa iliyotulia chini ya utando ina kanieneo kubwa kuliko iliyo juu, basi utando husukumwa kwenda juu. Sisi husema umefyonzwa. Kwa hiyo yule fundi alikuwa akitafuta tundu ambalo halipo.

Handaki la upepo (waliosoma kwa Kifaransa huliita sufleri) ni chumba kirefu ambamo feni kubwa hupitisha hewa kwa mwendo unaojulikana, juu ya kitu kilichowekwa kisisogee. Hapo upepo haungojewi, huagizwa. Katika miaka ya 1890 injinia wa Denmark aitwaye Irminger alitumia mvuto wa hewa wa bomba la moshi la kiwanda cha gesi jijini Copenhagen, akapitisha upepo kwenye vijumba vidogo vya mfano. Alionyesha kwamba sehemu kubwa ya mzigo wa upepo juu ya paa ni ya kufyonza. Mahandaki ya kupimia majengo tunayoyajua leo yalifuata baadaye sana. Mwaka 1965 Alan Davenport na wenzake wa Chuo Kikuu cha Western Ontario, Kanada, walifungua lao lenye sakafu ndefu iliyotawanywa vikwazo, ili hewa ifike kwenye mfano ikiwa imechafuka, nzito kwa misukosuko karibu na ardhi na ya kasi zaidi juu, jinsi upepo ulivyo ukishapita juu ya mji.

Mfano wenyewe ni jengo lililopunguzwa mara mia au zaidi, na paa lake limetobolewa matundu madogo kama ya sindano. Kila tundu lina mrija unaokwenda kwenye kipimo cha kanieneo. Mfano huzungushwa digrii chache kwa chache, vipimo husomwa mara nyingi kwa sekunde, na ramani hutoka. Ramani hiyo ndiyo iliyowashtua watu: paa moja, upepo mmoja, lakini mzigo haufanani hata kidogo. Upepo ukija kimshazari na kugonga kona ya jengo, visulisuli viwili hujisokota kando ya kingo mbili zinazokutana pale, vyembamba mwanzoni na vinene kadiri vinavyokwenda mbali. Chini ya visulisuli hivyo ndipo ufyonzaji mkali kuliko wote ulipo.

Tuuweke kwenye namba. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na hewa yetu ina uzito wa takribani kilo 1 kwa mita moja ya ujazo, wakati pwani ni kama kilo 1.2. (Hiyo ni zawadi ndogo ya mlima: upepo wa mwendo uleule hutubana kidogo kuliko watu wa Mombasa.) Tuchukulie mkupuo, yaani upepo wa ghafla, wa mita 30 kwa sekunde, sawa na kilomita 108 kwa saa. Nusu ya uzito wa hewa mara mwendo kwa mwendo hutoa paskali 450, paskali ikiwa ndiyo kipimo cha kanieneo. Kanuni ya Ulaya ya mizigo ya upepo, EN 1991-1-4, inampa msanifu kizidisho cha 0.7 kwa eneo la ndani la paa bapa lenye kingo kali, na hadi 2.5 kwa kipande kidogo cha kona. Ndani, basi, ni paskali 315, kama kilo 32 zinazovuta kila mita mraba kwenda juu. Kwenye kona ni 1,125, karibu kilo 115. Utando wa PVC wa milimita 1.5 una uzito wa kilo 2 hivi kwa mita mraba. Mwendo wa upepo ukiongezeka mara mbili, mizigo hii ya upepo huongezeka mara nne.

Mfano mdogo una mipaka yake, na waliotumia mahandaki ndio waliosema kwanza. Huko Lubbock, Texas, Chuo Kikuu cha Texas Tech kilijenga nyumba halisi yenye paa bapa katika uwanda wazi, ikajazwa vipimo, ikaachiwa upepo wa Mungu. Ilipolinganishwa na mifano yake ya handakini, maeneo mengi yalikubaliana vizuri. Kwenye kona, vilele vya ufyonzaji vya nyumba halisi vilikuwa vikali kuliko vya mfano.

Kuna kikwazo kikubwa zaidi kinachohusu utando wetu hasa. Ukuta waweza kuupunguza mara mia, lakini shuka inayonyumbuka, skrubu yake na kiungo kilichochomelewa huwezi kuvipunguza vikabaki na tabia ileile. Mfano wa matundu hukuambia mzigo ni kiasi gani, haukuambii paa litaubeba vipi. Ndiyo sababu Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, lenye handaki la upana na kimo cha mita 9 hivi jijini Ottawa, liliingiza humo vipande vya paa vya ukubwa kamili, na sakafu yake, vibao vya kuzuia joto na utando uliofungwa kwa skrubu.

Kinachotokea kipande halisi kikipulizwa ndicho ambacho hesabu za karatasini huficha. Utando huvimba kati ya mistari ya skrubu kama shuka iliyoanikwa kwenye kamba, hushuka, huvimba tena, mikupuo kwa mikupuo. Ukivimba, hauvuti skrubu wima. Huivuta kwa upande, na kama kiungo kimechomelewa upande mmoja tu wa kisahani, mvuto wote huja kutoka upande huo: kisahani huinama, utando huanza kuraruka kukizunguka, au skrubu hulegea kidogo kidogo ndani ya bati la chini. Kuvutwa mara moja kwa nguvu na kuvutwa mara elfu kwa nguvu ndogo zaidi ni mateso mawili tofauti.

Handaki la ukubwa huo ni ghali, kwa hiyo kazi ya kila siku hufanywa kwenye sanduku. Paa hujengwa chini yake, hewa hunyonywa juu, na mizigo hufuata mpangilio uliotolewa na vipimo vya handakini. Ulaya hutumia kanuni ya kupimia EN 16002 na Kanada CSA A123.21, zote mbili zikipiga mikupuo inayorudiwarudiwa na kupanda hatua kwa hatua. Njia ya FM, kampuni ya bima ya Marekani, hupandisha mzigo na kuushikilia dakika moja kila hatua. Mimi naegemea mikupuo, kwa sababu ya zile skrubu zinazolegea.

Sakafu ya chini ina neno lake pia. Juu ya dali ya zege isiyopitisha hewa, utando hauwezi kupaa sana, maana hewa ya kuujaza chini haipatikani upesi. Juu ya bati lenye viungo wazi, hewa ya ndani ya hangari hupanda bila kizuizi. Na mlango mkubwa wa hangari ukiachwa wazi upande wa upepo, nyumba hujazwa kama mfuko: kinachofyonza juu hupata msaidizi anayesukuma chini.

Kwa hiyo cheti kinachokuja na shuka kutoka ng'ambo si cha shuka. Ni cha mkusanyiko uliopimwa: bati la unene ule, skrubu ile, kisahani kile, umbali ule. Mistari ikiwa mita 1 na skrubu kila sentimita 25, mita mraba ina skrubu nne, na kwenye kona yetu kila moja hubeba nyutoni 280 hivi. Fundi akipanua mistari iwe mita 2 ili kuokoa visanduku viwili vya skrubu, kila moja hubeba 560, na cheti kilichobandikwa ofisini kinazungumzia paa jingine.

Yule fundi wa Himbi nilipomchorea visulisuli kwenye vumbi kwa kijiti, alitazama juu, akaanza kuhesabu skrubu za kona kwa sauti.