Je, wajua kwa nini pointi 2,310 zinaweza kukupa nafasi ya tisa, na 1,150 zikampa mwenzako ubingwa?

Ukifungua shindano la wikendi kwenye gemu la simu, unachooneshwa kwanza ni msimamo: majina, bendera, pointi, na jina lako limekolezwa rangi katikati. Unapanda, unashuka, Jumapili usiku wa kwanza anachukua zawadi. Inakuwaje basi watu wawili wacheze gemu moja, wikendi moja, mwenye pointi nyingi aambulie nafasi ya tisa na mwenye nusu yake awe bingwa?

Kwa muda mrefu jibu nilikuwa nalo, na halikuwa sahihi. Niliamini wale wa juu si watu. Saa nane za usiku, nikiwa wa pili, jina moja lenye bendera ya Brazil liliruka pointi 400 ndani ya dakika kumi likanipita. Nikasema hiyo ni kompyuta ya kampuni, imewekwa pale ili ninunue roho, yaani nafasi za kucheza, za ziada. Nikawaeleza watu hivyo, ofisini na nyumbani, kwa uhakika wote.

Nianze na imani hiyo, maana najua tunaiamini wengi, na haikutoka hewani. Wachezaji bandia wapo. Epic Games, kampuni yenye gemu la Fortnite, walitangaza wenyewe Septemba 2019 kwamba wataingiza roboti kwenye mechi. Lakini tazama kazi waliyozipa: kumpa anayejifunza mtu wa kumfunga, na kadiri anavyoimarika ndivyo anavyokutana nazo kwa uchache. Roboti ya kufungwa na roboti ya kukunyima zawadi ni mambo mawili, na hilo la pili linataka ushahidi wake. Kwenye magemu ya kuwekeana fedha tuhuma hiyo imefika mahakamani Marekani: kampuni ya Skillz iliituhumu AviaGames kwamba wateja wake walikuwa wakishindanishwa na roboti, AviaGames ikakana. Hukumu ya Februari 2024, ya dola milioni 42.9, iliegemea hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki ubunifu, iliyovunjwa, kwa hiyo haifai kutajwa kama uthibitisho wa roboti, ingawa wengi huitaja hivyo.

Kuna na hataza nyingine inayotajwa sana. Oktoba 2017 Activision, kampuni ya magemu, ilipewa hataza, iliyoombwa mwaka 2015, ya mfumo wa kumkutanisha mchezaji mchanga na mkongwe mwenye silaha za kulipia, ili mchanga aitamani silaha ile akainunue. Kampuni ilisema mfumo huo haujatumika kwenye gemu lolote. Mwaka huohuo watafiti wa Electronic Arts, kampuni nyingine ya magemu, na wa chuo kikuu cha UCLA walichapisha utafiti wa namna ya kupanga wapinzani kwa lengo la kumfanya mchezaji asiondoke, badala ya kulenga mechi ya nguvu sawa tu. Nasoma haya na moyo haunitulii. Hata hivyo, hataza inathibitisha kwamba mtu aliliwaza jambo, haithibitishi kwamba alilifanya.

Na yule wa Brazil? Saa nane za usiku Dar es Salaam, São Paulo ni saa mbili za usiku. Mtu amekula chakula chake cha jioni, amekaa kwenye kochi. Pointi 400 kwa dakika kumi nazo zina maelezo yake: watu hukusanya viongeza nguvu siku tatu nzima bila kuvigusa, wakavifungulia mwishoni ili usipate muda wa kujibu. Hiyo ni kuvizia, na anayevizia ni binadamu.

Nilipata jibu lenyewe Tanga, nyumbani kwa dada yangu. Mwanawe wa miaka kumi na moja alikuwa anacheza gemu lilelile ninalocheza mimi. Akaniuliza, "Mama mdogo, mbona wewe kwangu hupo?" Tukalaza simu mbili kwenye mkeka. Picha ya shindano moja, saa inayohesabu kurudi nyuma moja, sekunde kwa sekunde. Chini yake, majina 30 kwake na majina 30 kwangu. Tuliyasoma jina kwa jina, yeye akifuata kwa kidole. Hakuna hata moja lililofanana. Kwake aliyeongoza alikuwa ni yeye mwenyewe, pointi 1,150. Kwangu aliyeongoza alikuwa na 6,840, na mimi na 2,310 zangu nilikuwa wa tisa.

Ule msimamo ninaouona si wa dunia nzima. Ni wa kundi nililowekwa, na makundi ya namna hiyo yanaweza kuwa maelfu kwa wakati mmoja. Duolingo, ile programu ya kujifunzia lugha, hufanya hivyo kila wiki kwa makundi yasiyozidi watu 30. Sababu inaeleweka: ukiambiwa umekuwa wa 412,006 utazima simu ukalale.

Kwa hiyo suala la haki liko mlangoni: nani anapangwa na nani? Kila gemu lina njia yake. Wapo wanaopanga kwa hatua uliyofikia, wapo wanaopanga kwa pointi za mashindano yaliyopita, na kampuni nyingi haziiweki wazi kanuni hiyo. Njia rahisi kuliko zote ni kujaza kundi kwa kufuata nani kaingia lini, na hiyo ndiyo nataka tuitazame kwa karibu.

Chukua kituo cha Mbagala Rangi Tatu. Daladala ya kwanza haichagui abiria. Inapakia aliyepo, ikijaa inaondoka, ya pili inasogea. Lakini angalia nani yupo kituoni saa kumi na moja alfajiri: mwenye zamu, mwenye kuwahi mzigo Kariakoo, anayekimbia foleni. Wote wana haraka. Rudi saa nne asubuhi uone wanaopanda: mama anakwenda kumtazama mgonjwa, kijana anafuata cheti, mzee anasinzia dirishani. Gari lilelile, kondakta yuleyule, nauli ileile, ila abiria si wale. Sasa tangaza kwamba katika kila gari, atakayeshuka na kukimbia kuliko wenzake atapewa zawadi. Hakuna aliyedanganya, hakuna aliyependelewa, na bado mwenye mbio wa saa kumi na moja anashindana na wenye mbio watupu, wakati zawadi ya gari la saa nne inamngoja yeyote mwenye viatu imara.

Tupige hesabu kwa namba za mfano. Wachezaji 3,000, makundi 100 ya watu 30. Sugu, wale wachezaji wakali wasiobanduka kwenye gemu, wawe 300, yaani mmoja kati ya kumi. Wakigawanywa sawasawa, kila kundi linapata watatu. Lakini sugu ndio wanaosubiri shindano lifunguliwe, kwa hiyo wanaingia wote dakika za mwanzo na kujaza makundi kumi ya kwanza peke yao. Katika kila moja ya hayo kumi, sugu mmoja anakuwa bingwa na 29 wanaachwa. Katika yale 90 yaliyobaki hakuna sugu hata mmoja, na mtu anayecheza huku akisubiri wali uive anaweza kuchukua kombe.

Mimi nilikuwa naingia Ijumaa dakika ileile kengele ya simu inapolia. Mtoto wa dada yangu aliingia Jumamosi jioni, alipotoka madrasa na simu ya mama yake ikawa imerudi nyumbani.

Hata watu wakichanganywa kwa bahati nasibu, mgao haulingani. Ni kama upawa wa makande: chungu kimoja, lakini sahani yako inapata maharage matatu na ya jirani kumi. Kwa namba zetu zilezile, karibu makundi manne kati ya 100 yatakosa sugu kabisa, na kama saba yatakuwa na sita au zaidi.

Fedha nazo zina nafasi yake, na sitaki kuificha. Candy Crush Saga humpa mchezaji roho tano, na kila iliyopotea hurudi baada ya nusu saa, yaani 48 kwa siku nzima akikesha bila kulala. Anayelipa hana kikomo hicho. Ananunua idadi ya majaribio, na kwenye shindano linalojumlisha pointi, majaribio ndiyo pointi. Dawa inajulikana. Clash of Clans, mwaka 2019, ilibadilisha ligi yake ya juu kabisa ikampa kila mchezaji mashambulizi manane kwa siku, basi. Clash Royale, kwenye mashindano yake maalumu, iliweka ukomo wa nguvu za kadi ili aliyelipa asimzidi asiyelipa. Naona hiyo ndiyo heshima mchezaji anayostahili. Na kama Apple iliweza, Desemba 2017, kuzilazimisha gemu zitaje uwezekano wa kupata kila kitu kwenye masanduku ya bahati, yale unayonunua bila kujua kilichomo, inawezekana pia kuzitaka zitaje kundi linajazwaje.

Niliporudi Dar nilijaribu. Wikendi ya kwanza niliingia Jumamosi saa moja jioni badala ya Ijumaa, nikamaliza wa pili kwa pointi 1,900. Nikampigia dada, mtoto akachukua simu, tukafurahi. Wikendi iliyofuata niliingia saa ileile, nikapata pointi 1,940, nikawa wa kumi na moja.