Skima ya kontrola ya eMMC: eleza chipu, acha draiva

Kompyuta ya mezani ikiwashwa, diski ya NVMe hujitambulisha yenyewe. Ipo kwenye PCIe, ina namba ya mtengenezaji, ya kifaa na ya aina yake. Kerneli, yaani kiini cha Linux, inazisoma, inatafuta draiva inayolingana (programu inayoendesha kifaa hicho), kazi inasonga. Bodi ndogo tunazofunga kwenye mita za maji na kwenye magari ya watalii hapa Arusha hazina raha hiyo. Kontrola ya eMMC, sehemu inayoendesha chipu ya kuhifadhia data, imejengwa ndani ya chipu kuu, kwenye anwani fulani ya kumbukumbu, na kerneli isipoambiwa anwani hiyo haitajua kama pana kitu. Vivyo hivyo intarapti yake (waya wa kuishtua kerneli kazi ikiisha), saa zinazoipa mapigo, rigyuleta inayoilisha volti, na idadi ya nyaya za data zilizochorwa kwenye bodi.

Haya yote huandikwa kwenye mti wa vifaa (device tree), faili linaloieleza kerneli kilichomo kwenye bodi. Wazo lenyewe ni la zamani kuliko Linux kwenye ARM, aina ya prosesa zilizo kwenye bodi hizi: lilitoka kwenye Open Firmware, kiwango cha IEEE 1275 cha mwaka 1994, kilichotumika kwenye mashine za Sun na kwenye Mac za PowerPC. Kwenye ARM, kwa miaka mingi kila bodi ilikuwa na faili lake la C ndani ya kerneli, na mafaili yakawa utitiri. Mwaka 2011 Linus Torvalds alilalamika hadharani kuhusu fujo hiyo, na kuanzia hapo kuhamia kwenye mti wa vifaa kukashika kasi. Sasa unaandika faili la `.dts`, kompaila ya `dtc` inalifanya `.dtb`, na butiloda, programu inayoiwasha kerneli, inaikabidhi hilo. (Kila `.dtb` huanza na baiti `0xd00dfeed`. Wahandisi nao hupenda utani.)

Swali ni nani anasema nodi ya kontrola, yaani sehemu yake ndani ya mti, iwe na nini ndani yake. Zamani majibu yalikuwa kwenye mafaili ya `.txt`, maelezo ya Kiingereza yaliyosomwa na binadamu tu, kila mmoja kwa tafsiri yake. Siku hizi yanaandikwa kwa YAML, kwa kanuni za json-schema, ili kompyuta iweze kuyakagua. Hizo ndizo skima, na kuzisoma kabla hazijatumwa kwa wasimamizi wa kerneli ni sehemu ya kazi yangu, kwenye ofisi ndogo hapa Sakina. Ya chipu ya kubuni ingeonekana hivi, kwa ufupi:

```
allOf:
  - $ref: mmc-controller.yaml#

properties:
  compatible:
    const: mfano,kilima1-mmc
  reg:
    maxItems: 1
  interrupts:
    maxItems: 1
  clocks:
    maxItems: 2
  clock-names:
    items:
      - const: core
      - const: bus

required:
  - compatible
  - reg
  - interrupts
  - clocks
  - clock-names

unevaluatedProperties: false
```

Mstari wa `$ref` unavuta sifa za pamoja za kontrola zote za MMC na SD: `bus-width`, ambayo ni 1, 4 au 8 tu, `non-removable` kwa eMMC iliyochomelewa kwenye bodi, `cd-gpios` kwa pini inayojua kama kadi imechomekwa, na nyingine nyingi. Mstari wa mwisho unafunga mlango: sifa yoyote isiyotajwa hapa wala kwenye faili lililovutwa ni kosa. Wageni wengi huweka `additionalProperties: false` mahali hapo, kisha wanashangaa `bus-width` inakataliwa. Sababu ni kwamba hiyo hutazama sifa zilizoorodheshwa ndani ya skima ileile tu. Haioni kilichovutwa na `$ref`.

Makosa ya namna hiyo siyahangaikii. `make dt_binding_check` inayakamata yenyewe: inapima skima dhidi ya skima mama, inachukua mfano ulioandikwa mwishoni mwa faili, inaukompaili na kuupima. Mtu akileta kiraka (badiliko analopendekeza) ambacho hakijapita hapo, namrudishia bila kusoma zaidi. Si ukali. Hakuna sababu ya macho ya mtu kufanya kazi ambayo mashine inaimaliza kwa sekunde.

Kazi ya macho ni nyingine. Ni kuangalia kila mstari na kuuliza: hili ni jambo la chipu, ni jambo la bodi, au ni jambo la draiva? Mawili ya kwanza yana nafasi kwenye mti. La tatu halina.

Dada mmoja aliyemaliza chuo hapa mjini, ambaye tunakaa meza moja, aliniletea skima yake ya kwanza. Ilikuwa safi, imepita vipimo vyote. Lakini `interrupts` haikuwemo.

"Kaka, draiva haiitumii," akaniambia. "Inasoma rejista kila baada ya muda mfupi mpaka kazi iishe."

"Chipu inayo waya wa intarapti?"

"Kitabu cha chipu kinasema unao."

"Basi uandike."

Alikuwa na hoja, na ndiyo hoja ninayoisikia mara nyingi kuliko zote: kwa nini niandike kitu kisichotumika? Kwa sababu anayesoma mti si draiva hii ya leo peke yake. U-Boot, ambayo ni butiloda, inasoma mti uleule, FreeBSD, mfumo mwingine wa uendeshaji, nayo, na draiva yenyewe mwakani inaweza kuandikwa upya na mtu mwingine anayetaka intarapti. Ni kama kumwelekeza mgeni nyumbani kwako: ukimwambia akate kona pale bodaboda zinapopaki, leo atafika, lakini bodaboda zikihama atazunguka Kijenge nzima. Mwambie kona ya tatu baada ya daraja.

Ndiyo sababu pia skima mpya huombwa leseni mbili, GPL-2.0-only au BSD-2-Clause. Zingekuwa za GPL pekee, miradi isiyo ya GPL isingeweza kuzichukua.

Mahali ambapo swali la chipu, bodi au draiva linauma kweli ni kwenye kasi. Tuchukue HS400, hali mojawapo ya kasi ya eMMC: mapigo ya MHz 200, nyaya nane za data, data ikipita kwenye pande zote mbili za pigo, jumla MB 400 kwa sekunde. HS200 ina mapigo yaleyale lakini upande mmoja tu, hivyo nusu yake. Zote mbili zinataka ishara za volti ndogo, kwa kawaida 1.8, kwenye 3.3 hazifanyi kazi.

Sasa anakuja mtu na kiraka chenye sifa mpya, `mfano,disable-hs400`. Maelezo ni mafupi: eMMC inakwama kwenye HS400, kwa hiyo tumeongeza njia ya kuizima. Ukisoma harakaharaka inaonekana sawa. Lakini hajasema *nani* ana tatizo, na jibu linabadilisha kila kitu.

Tatizo likiwa la chipu, yaani kontrola ya toleo hilo ina kasoro popote itakapofungwa, sifa mpya haihitajiki. `compatible` tayari imetaja chipu; draiva ikiona jina hilo ijue yenyewe kwamba HS400 haifai. Kuweka sifa ni kumtwisha kila mwandishi wa bodi mzigo wa kukumbuka kasoro ambayo si yake, na atakayesahau atapata eMMC inayokwama.

Likiwa la bodi, hadithi ni tofauti. Labda njia za shaba kati ya chipu na eMMC ni ndefu au hazilingani urefu. Labda `vqmmc-supply`, rigyuleta inayolisha nyaya za ishara, imefungwa kwenye volti 3.3 moja kwa moja. (Isichanganywe na `vmmc-supply`, ambayo inalisha chipu ya kumbukumbu yenyewe. Nimeona zikibadilishana nafasi kwenye bodi zaidi ya unavyodhani.) Hilo ni jambo halali la kuandikwa kwenye mti, ila sifa zake zipo tayari: `no-mmc-hs400` na `no-1-8-v` zimo kwenye faili la pamoja. Ya pili imewekwa hasa kwa hali ambapo kontrola inadai inaweza volti 1.8 na bodi haiwezi. Kutunga sifa yako yenye jina la kampuni wakati ya pamoja ipo ni kufanya draiva zote nyingine zisikuelewe.

Na likiwa la draiva, mathalani hatua za kupandisha kasi zimepangwa vibaya, basi kiraka kiende kwenye draiva. Kulificha ndani ya mti ni kulifanya lidumu.

Namwuliza mtu hayo na mara nyingi hajui, kwa sababu alichofanya ni kuzima HS400 na kuona bodi imetulia. Namwelewa, bosi anasubiri. Lakini hapo ndipo ukaguzi unapofanya kazi yake: anarudi na kipimo cha mawimbi, au anajaribu bodi ya pili yenye chipu ileile, na jibu linajulikana.

Kuna watu wanaona huu ni urasimu. Kwao natolea mfano wa Longido. Kisanduku cha kusoma mita kimefungwa kwenye pampu ya maji huko, na `.dtb` yake imo ndani ya butiloda. Kerneli tunaibadilisha kwa mtandao wa simu; butiloda hatuigusi, kwa sababu ikikatika katikati ya kazi inabidi mtu aende na nyaya zake, na aliyepo pale ni fundi pampu asiye na laptop. Kwa hiyo kerneli mpya inakutana na mti wa miaka iliyopita. Ukibadilisha jina la sifa, ukageuza mpangilio wa `clock-names`, au ukaifanya lazima sifa iliyokuwa ya hiari na draiva ikaanza kuidai, kisanduku hicho hakipati diski yake. Hakiwaki.

Ndiyo maana wasimamizi wa miti ya vifaa wanaichukulia skima kama mkataba, na ndani ya kerneli kuna hati kuhusu jambo hilo hilo kwenye `Documentation/devicetree/bindings/ABI.rst`. Mpangilio wa saa ukishatoka umetoka. Kuongeza saa ya tatu mwishoni inawezekana. Kuichomeka katikati haiwezekani, maana draiva nyingine huzichukua kwa namba ya nafasi na si kwa jina.

Jina la `compatible` nalo linabeba uzito huohuo. Watu wanapenda kuandika `mfano,kilima-mmc` wakiwa na matumaini kwamba litafaa kwa ukoo mzima wa chipu. Halitakiwi, na alama za kuwakilisha "chochote" kama `kilima1x` hazitakiwi kabisa. Chipu ya pili ikitoka na kontrola ileile, inapata jina lake, kisha la kwanza linawekwa nyuma yake kama akiba:

```
compatible:
  items:
    - const: mfano,kilima2-mmc
    - const: mfano,kilima1-mmc
```

Draiva inayojua `kilima1` pekee itafanya kazi leo bila kuguswa mstari hata mmoja. Kasoro ya `kilima2` ikigunduliwa baada ya miaka miwili, jina lake tayari limo kwenye miti iliyoko uwanjani, na draiva inaweza kulitafuta. Usipoliandika mwanzoni, Longido hutaifikia.

Vipimo: tumia vya ulimwengu halisi. Kuchelewesha mapigo kuandikwe kwa nyuzi au kwa pikosekunde. Namba ghafi ya rejista haimwambii mtu kitu. Faili la pamoja lina sifa kama `clk-phase-mmc-hs200` ambazo zinapokea nyuzi 0 hadi 359, na draiva inajua jinsi ya kuzigeuza ziwe biti za chipu yake. Kwa sifa mpya kuna viambishi vya mwisho: `-ms`, `-us`, `-hz`, `-microvolt`. Ukivitumia, aina ya thamani inajulikana bila kuiandika tena.

Si kila kitu kinachonuka programu ni kibaya, lakini. `ports-implemented` ya AHCI (kiwango cha kontrola za diski za SATA) kwa mtazamo wa kwanza inafanana na mpangilio wa draiva: ni namba inayosema milango ipi ya SATA ipo. Kontrola ya AHCI ina rejista ya kusema hilo yenyewe, kwa nini kurudia? Kwa sababu rejista hiyo hutakiwa kujazwa na programu ya kuwashia mashine kabla ya mfumo kuanza, kama inavyofanya BIOS kwenye PC, na kwenye chipu ndogo baadhi hakuna anayeijaza. Ukweli wa kifaa upo; mahali pa kuusoma ni patupu. Sifa hiyo naipitisha bila ugomvi, ilimradi mtu aonyeshe kwamba rejista kweli inasoma sifuri.

Upande wa kutuma: skima iwe kiraka chake peke yake na itangulie kiraka cha draiva. Kichwa kianze na `dt-bindings: mmc:`, jina la faili lifuate `compatible`.

Anayetaka kuanza asitafute chipu mpya. Kwenye `Documentation/devicetree/bindings` bado kuna mafaili ya `.txt` yanayosubiri kugeuzwa. Chukua moja, kisha kabla ya kuandika YAML tafuta kwenye `arch/arm` na `arch/arm64` bodi zote zinazotumia `compatible` hiyo. Utakuta maelezo ya zamani yanasema saa moja na bodi zina mbili, au sifa inatumika kila mahali na haikuandikwa kokote. Hapo angalia draiva, angalia kitabu cha chipu ukikipata, amua kipi ni sahihi, na uandike kwenye maelezo ya kiraka ulichobadilisha na sababu yake. Mkaguzi atasoma maelezo hayo kwanza. Mimi huanzia hapo.