Waridi Jeupe: maswali tunayoulizwa kila Februari

Tarehe 22 Februari ikikaribia, kitengo chetu cha kumbukumbu hupokea maswali kuhusu Waridi Jeupe, kikundi cha wanafunzi wa Munich, Ujerumani, waliopinga utawala wa Hitler kwa vipeperushi na kuuawa mwaka 1943. Mengi ni ya nia njema. Machache, na mwaka huu yameongezeka, yanashikilia kwamba walihukumiwa na mahakama kwa sheria iliyokuwapo, hivyo walijitakia. Hoja hiyo inahitaji kujibiwa kwa utaratibu.

Vipeperushi vilikuwa sita. Vinne vya kwanza waliviandika Hans Scholl na Alexander Schmorell kiangazi cha 1942. Cha pili kilitaja waziwazi mauaji ya Wayahudi 300,000 nchini Poland. Cha sita, kilichoandikwa na Profesa Kurt Huber baada ya jeshi la Ujerumani kushindwa Stalingrad, ndicho Hans na mdogo wake Sophie walichokuwa wakikisambaza chuoni tarehe 18 Februari mtunza jengo alipowakamata.

Sasa mashtaka. Yalikuwa matatu: kuandaa uhaini, kumsaidia adui na kudhoofisha ari ya jeshi. Hilo la tatu peke yake lilitosha kumpeleka mtu kwenye kifo. Hans na mwenzake Christoph Probst walikuwa askari wanaosomea udaktari, kwa hiyo kesi yao ilipaswa kwenda mahakama ya kijeshi. Wakaondolewa jeshini kwanza, ndipo wakafikishwa Mahakama ya Umma, mahakama maalumu ya Wanazi ya kesi za kisiasa, mbele ya rais wake Roland Freisler. Majaji wa mahakama hiyo walikuwa watano kwa kila kesi, na wanasheria kati yao ni wawili tu. Probst, baba wa watoto watatu, hata chuoni hakuwapo siku ile. Kilichomponza ni rasimu ya mkono wake iliyokutwa kwa Hans.

Kesi ilianza asubuhi ya tarehe 22. Saa 11 jioni, siku hiyohiyo, Sophie mwenye miaka 21 alikatwa kichwa katika gereza la Stadelheim, na wenzake wawili wakafuata. Tunaulizwa mno kwa nini hawakukata rufaa. Mahakama ile haikuwa na rufaa. Tarehe 19 Aprili walishtakiwa wengine 14. Huber, Schmorell na mwanafunzi mwenzao Willi Graf wakahukumiwa kifo.

Ile hadithi kwamba chuo kizima kiliinuka kuwaunga mkono si kweli, na walimu wanaoendelea kuisimulia wangefanya vema kuiacha. Mamia ya wanafunzi walikusanyika kumshangilia mtunza jengo.

Kuhusu hadhi ya hukumu zenyewe: mwaka 1985 Bunge la Ujerumani Magharibi lilitamka kuwa Mahakama ya Umma ilikuwa chombo cha ugaidi wa dola, na sheria ya mwaka 1998 ikazifuta hukumu zake zote. Familia haihitaji kufungua kesi wala kuomba msamaha wa serikali. Anayehitaji uthibitisho wa maandishi huomba kwa ofisi ya mwendesha mashtaka.